Odowa Kwenye Sahani ya Saba

Nyuma ya kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area kuna godauni ambalo ukilipita hutageuka kulitazama mara ya pili. Lina mlango wa mabati, bawabu mwenye usingizi wa kudumu, na ndani yake mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anapika mawe. Watu wa mtaa wa Mbotela waliposikia kwamba Norah, mke wa Owiti fundi wa vitanda, amepata kibarua kwa mtu anayepika mawe, walimwuliza kama mawe hayo huliwa kwa ugali au kwa chapati. Norah alicheka nao. Alikuwa na siri yake kuhusu mambo ya mawe na kula, na siri hiyo ilikuwa na miezi miwili.

Tumjue kwanza mpishi mwenyewe. Daktari Nalianya hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa vitabu, aliyerudi kutoka ng'ambo na masanduku mawili na ndoto moja. Alitaka kuotesha mirija ya kaboni juu ya mawe ya nchi hii. Mirija hiyo ni myembamba hivi kwamba ukichukua unywele wako mmoja ukaupasua mara elfu kadhaa, ndipo utaanza kuikaribia. Huko ng'ambo huioteshea kwenye unga wa chuma uliotengenezwa kwa madaha, wa bei ya kukutoa machozi. Nalianya alisema hakuna haja. Jiwe la kawaida, likiwa na chembe za chuma ndani yake, linaweza kufanya kazi ile ile. Unalisaga, unautia unga wake ndani ya bomba la kioo, unalisukuma bomba kwenye tanuri la nyuzi mia saba na zaidi, kisha unapitisha gesi ya asetilini, hii hii ya mafundi wanaochomelea mageti. Chembe za chuma zinainyang'anya gesi kaboni yake, na kaboni inaota juu yake kama ndevu kwenye kidevu cha mvulana wa kidato cha pili. Ukichanganya ndevu hizo na plastiki, plastiki inapitisha umeme. Ukizichanganya na saruji, saruji inakuwa na roho ngumu.

Hiyo ilikuwa ahadi. Tatizo lilikuwa moja tu: kwa miezi minane kidevu kilikuwa kitupu.

Kazi ya Norah ilikuwa kusaga. Kila asubuhi alikuta sahani kumi na mbili zimepangwa mezani, kila moja na namba yake na jiwe lake, naye akasaga moja baada ya jingine kwenye kinu cha chuma. Opicho, rafiki wa Owiti tangu shule, ndiye aliyeendesha tanuri, na ndiye aliyemtafutia Norah kazi. Juu yao wote, ukimwondoa Daktari na Mungu, alikaa Madam Teresiah, msimamizi, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake na harufu ya sabuni yake ikabaki baada yake.

Mlangoni palibandikwa karatasi kwa mwandiko wa Teresiah: MWENYE MIMBA HASAGI. Clare, aliyesaga kabla ya Norah, alionekana tumbo siku ya Jumatatu. Jumanne kinu kilikuwa hakina mtu.

Ndiyo maana Norah alivaa koti la kazi la Opicho. Opicho ni jitu. Ndani ya koti lake ungeficha mimba, pacha wake, na mkunga.

"Shem, koti langu umelipenda sana siku hizi," Opicho alimwambia siku moja. "Owiti akiniuliza nitasema nini?"

"Mwambie nina baridi."

"Baridi? Mbele ya tanuri?"

"Fanya kazi, Opicho."

Koti lilificha tumbo. Halikuficha hamu. Mimba ya Norah haikutaka maembe mabichi wala ndimu, ilitaka odowa, lile jiwe laini la rangi ya jivu ambalo akina mama hununua sokoni na kulitafuna kama biskuti. Bila odowa Norah alikuwa hashikiki. Angeweza kulamba ukuta wa nyumba, na kusema kweli ukuta wa nyumba za Mbotela aliwahi kuulamba, mara moja, Owiti alipotoka kwenda kuchota maji.

Kila Jumamosi alitembea hadi soko la Shauri Moyo, kwa Mama Whitney, aliyeuza odowa kwenye beseni la bluu kando ya mitumba.

"Nyathina," Mama Whitney alimwita mwanangu kwa Kijaluo, kama alivyomwita kila mteja mwenye tumbo, "leo nikupe laini au la harufu?"

"Yote mawili."

"Huyo aliye ndani ana macho. Anachagua."

Akanyunyizia maji kidogo kwenye kipande, na harufu ya mvua ya kwanza ikapanda kutoka ndani ya beseni. Norah alikitazama kwa macho yaliyolegea. Owiti hajawahi kutazamwa vile.

Sasa tuingie Jumatatu ile.

Norah alikuwa amefika sahani ya saba. Sahani hiyo ilikuwa na jiwe la heshima kuliko yote, kwa sababu Daktari alilichukua mwenyewe kwenye shamba la babake kule Bungoma, akalibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Lilikuwa la rangi ya jivu, saizi ya kiberiti. Norah alikuwa na kipande cha odowa mkononi, nacho cha rangi ya jivu, nacho saizi ya kiberiti, kimeumwa kona moja tu. Akasikia viatu.

Koo, koo, koo.

Angekitia mfukoni angeonekana. Angekimeza angekufa. Akakiweka kwenye sahani ya saba, akashika mchi kama mtu aliyezaliwa nao.

"Norah."

"Naam, Madam."

"Unatafuna nini?"

"Mate, Madam."

Teresiah alimtazama kwa muda ambao mtu angechemsha yai. Kisha akageuza kichwa kumgombeza bawabu, na Norah, macho yake yakiwa mgongoni mwa mama yule, akapapasa sahani, akachukua jiwe lake, akalitumbukiza mfukoni. Lililobaki akalitia kinuni. Likasagika upesi, kama mkate uliokauka. Norah akamshukuru Mungu kwa kumpunguzia kazi, akaendelea na sahani ya nane.

Saa ya chakula alijificha nje, nyuma ya matangi ya maji, akatoa jiwe lake, akaliuma kwa hamu yote ya asubuhi. Ka! Jino la nyuma lilipiga kelele hadi kisogoni. Jiwe halikuachia hata vumbi. Akalitema, akalitupa ukutani, na Jumamosi iliyofuata akaenda Shauri Moyo na vita.

"Mama Whitney, umeniuzia kokoto! Jino hili hapa lilitaka kuhama!"

"Mimi? Kokoto? Nyathina, mimi nauza odowa tangu hujavunja ungo! Hilo jiwe halikutoka kwenye beseni langu."

Na Mama Whitney alikuwa anasema kweli tupu, lakini ni nani anayemsikiliza muuzaji?

Jumatatu ya pili, zamu ya unga wa wiki ile ilipofika, Opicho alifungua tanuri, akavuta bomba la kwanza, la pili, la tatu. Unga ulivyoingia ndivyo ulivyotoka, labda umeungua kidogo kwa aibu. La nne, la tano, la sita. Alikuwa anapiga mluzi. Akavuta la saba, na mluzi ukakatikia hewani.

"Daktari," akasema. "Daktari! Kuja uone!"

Ule unga uliokuwa umejaza kijiko sasa ulikuwa umejaza bomba. Ulikuwa mweusi tititi, umefura kama andazi lililotiwa hamira na mchawi, mwepesi, na Opicho alipoutikisa kidogo ulitetemeka kama kitu chenye uhai. Norah alisimama na ufagio mkononi, akahisi nywele zikimsimama shingoni. Kwa miezi mitatu amewasagia watu hawa mawe akiamini kimoyomoyo kwamba ni wendawazimu wapole. Na sasa jiwe limeota!

Daktari Nalianya alikuja mbio. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Sampuli ikapelekwa chuo kikuu kwenye hadubini kubwa, na kesho yake picha ikarudi. Daktari akaiweka kwenye kompyuta akawaita wote. Ilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyeamka: nywele, nywele, nywele, zimesokotana, zisizo na mwanzo wala mwisho.

"Kila mnachokiona hapo," Daktari alisema, na sauti yake ikapasuka, "kinatoka kwenye jiwe la babangu."

Akampigia babake simu pale pale. Akawapigia na wajomba. Hadi jioni wajomba walikuwa wamezungushia lile shamba ua, na wawili kati yao hawasemezani. Akawapigia watu wa kampuni moja ya plastiki waliokuwa wakimzungusha tangu mwaka jana, nao wakasema watakuja Ijumaa, waone kwa macho yao jiwe likiota.

"Sahani ya saba," alisema, akipiga meza. "Sahani ya saba!"

Norah aliyasikia maneno hayo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jino la nyuma.

Lo.

Mkate uliokauka. Kokoto ya Mama Whitney. Viatu vya Teresiah. Mambo yote matatu yakaja kichwani mwake kwa mpigo, yakaketi, yakamtazama. Jiwe la baba wa Daktari lilikuwa nyuma ya matangi, na alama ya jino lake juu. Kilichoota nywele kwenye ile picha ni odowa yake. Ni kitu anachokula. Ni kitu ambacho amekula Jumamosi, Jumapili, na asubuhi ile ile akivuka reli.

Alitaka kusema, akafungua mdomo, na jicho lake likaanguka kwenye ile karatasi ya mlangoni. Kusema jiwe ni lake ni kusema ni la kazi gani. Kusema ni la kazi gani ni kusema tumbo. Na kusema tumbo ni kuwa Clare. Vitanda vya Owiti havikuwa vinanunuliwa. Watu walikuwa wanalala walipolala. Norah akafunga mdomo.

Jumanne hiyo hiyo Daktari aliamuru sahani ya saba irudiwe, kwa jiwe lingine la shamba lile, kutoka kwenye gunia lililoletwa toka Bungoma. Norah alilisaga hadi mkono ukafa ganzi, maana lilikuwa jiwe kwelikweli. Hakikuota kitu. Jumatano ikarudiwa. Hakikuota kitu. Alhamisi asubuhi Daktari alisimama mbele ya tanuri, hajanyoa, macho mekundu, akaangalia ule unga wa kijivu uliolala kwenye bomba kama maiti.

"Opicho," akasema polepole. "Ulitia nini?"

"Nilitia kile nilichopewa, Daktari."

"Kuna unga wa kununua. Kuna watu wanautia kidogo ili mdosi afurahi na mkataba uendelee. Nimewaona ng'ambo. Ulitia nini?"

"Daktari, mimi? Huo unga ningeutoa wapi? Sokoni Gikomba?"

"Usinichekeshe leo!" Daktari akafoka, yeye ambaye hata nzi alimwomba radhi. "Kesho wageni wako hapa. Nitawaambia nini? Kwamba niliwaita kuja kuona uongo? Madam, mwandikie barua. Aondoke leo."

Opicho, jitu lile, alisimama huku mikono imening'inia. Utani wote ulimtoka kama hewa kwenye gurudumu.

Norah alitoka nje. Alikaa nyuma ya matangi, akatoa gazeti lenye odowa ya Jumamosi, akaanza kutafuna. Alitafuna akimfikiria Opicho, aliyemtafutia kazi hii, aliyemvisha koti. Alitafuna akimfikiria Clare, ambaye siku hizi humkwepa njiani kama mtu aliyeiba. Alitafuna akimfikiria Owiti na vitanda vyake. Alipofika mwisho wa mawazo alikuwa amefika pia mwisho wa gazeti. Akajipangusa mdomo, akaingia ndani.

Opicho alikuwa anakunja suruali yake ya kazi. Teresiah alikuwa ameshika kalamu.

"Daktari," Norah akasema. "Opicho hakutia kitu. Ni mimi."

Wakageuka wote.

"Wewe umetia nini?"

"Jiwe langu."

"Jiwe lako la nini?"

"La kula."

Godauni lilinyamaza hivi kwamba bawabu aliamka.

"La kula," Daktari akarudia, kama mtu anayejaribu lugha mpya. "Mtu anakula jiwe."

Teresiah ndiye aliyeelewa kwanza. Macho yake yakashuka kutoka usoni mwa Norah, yakapita kola, yakapita kifungo cha kwanza, yakafika kwenye koti la Opicho na kukaa hapo.

"Miezi mingapi?"

"Mitano, Madam. Unaingia wa sita."

"Mungu wangu," Opicho akasema. "Na mimi juzi nilikubebesha mtungi! Shem, Owiti ataniua. Ataniua na hiyo nyundo yake ya vitanda."

Norah aliwasimulia yote, viatu, sahani, kupapasa, jino. Alipofika kwenye jino akatoka mbio nyuma ya matangi, akarudi na lile jiwe la Bungoma. Daktari akalipokea, akaligeuzageuza, akaona alama ndogo nyeupe ya meno kwenye ubavu wa urithi wa babake. Akaketi juu ya ndoo.

"Nipe hilo jingine," akasema. "Hilo la kula. Tulipike sasa hivi."

Norah alitia mkono mfukoni, akatoa gazeti, akalikunjua. Ndani kulikuwa na habari za michezo na vumbi.

"Liko wapi?"

"Nimelila," Norah akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na wasiwasi."

"Lote?"

"Wasiwasi ulikuwa mwingi."

Opicho akashika kichwa kwa mikono miwili. "Shem! Ushahidi wangu! Umeutafuna ushahidi wangu!"

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa anaitazama ile karatasi ya mlangoni, kama kwamba ni leo tu imebandikwa.

"Nilisema mwenye mimba asisage," akasema, "kwa sababu ya vumbi. Ili mtoto asidhurike. Sikusema afukuzwe. Madam, Clare ulimpa kazi gani?"

"Kazi gani?" Teresiah akaiweka kalamu chini. "Hapa kuna kusaga na kuendesha tanuri. Ulisema asisage, ukaingia ofisini kwako. Siku tatu baadaye uliniuliza kinu kitapata mtu lini. Clare hukumwulizia."

Daktari aligeuka kumtazama Norah. Mtu aliyejua chuma kilichomo katika mawe ya nchi nzima hakuwa amejua hili, na lilionekana linamshuka kooni vibaya kuliko lile jiwe la Bungoma.

"Kwa hiyo Norah alikuwa akijificha," akasema. "Miezi mitatu, ndani ya vumbi langu."

Norah alisubiri. Tayari alikuwa ameanza kuvifungua vifungo vya koti, amrudishie mwenyewe.

Ndipo Madam Teresiah alipofanya jambo ambalo mpaka leo Opicho akilisimulia husimama. Aliuvuta mkoba wake mweusi, ule aliouweka kwapani hata akienda msalani. Akaufungua. Akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Akaikunjua pole pole juu ya meza, kona moja, ya pili, ya tatu. Ndani ya leso kulikuwa na bonge la odowa saizi ya ngumi ya mtoto, la rangi ya jivu, limeumwa kwa adabu upande mmoja.

Wakasogea wote.

"Mnatazama nini?" Teresiah akasema, na kwa mara ya kwanza tangu godauni lijengwe, sauti yake ilitetemeka. "Kitinda mimba wangu ana miaka ishirini na mmoja. Yeye alitoka. Hamu ilibaki."

"Madam," Norah akanong'ona, "umenunua wapi?"

"Shauri Moyo. Beseni la bluu." Akamtazama Norah moja kwa moja. "Unafikiri sikuijua ile sauti? Mate hayatafunwi hivyo. Nilijua tangu mwezi wako wa pili hapa, nikawa nageukia bawabu."

Opicho aliketi sakafuni.

Daktari aliinuka kuchukua lile bonge, akaliweka kwenye sahani, na kwa mazoea akamsogezea Norah kinu. Kabla hakijafika, mkono wa Teresiah ulikuwa umekidaka. Akavua saa yake. Akajifunga leso mdomoni na puani. Akakunja mikono ya blauzi, na yeye mwenyewe, msimamizi, akaanza kusaga, kwa nguvu za mtu mwenye jambo lake na hicho kinu.

"Wewe toka nje kwenye hewa," akasema bila kuinua uso. "Opicho, washa moto."

Ilipofika saa tisa na nusu tanuri likafunguliwa. Norah alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, mkono tumboni. Opicho alivuta bomba kwa macho yaliyofumbwa, na alipoyafumbua alipiga yowe hata watu wa kiwanda cha sabuni wakatoka kuuliza kama kuna moto. Bomba lilikuwa jeusi, limefura, limejaa hadi mdomoni, linatetemeka.

Teresiah aliinama, akatazama, akanyooka. Mkono ulimwenda kinywani.

"Daktari. Hizi nywele… miaka ishirini na mmoja… zimekuwa zikiniota ndani?"

"Hapana, Madam. Tumbo lako halina nyuzi mia saba."

"Una hakika? Hujawahi kunikasirisha."

Daktari alicheka, kisha akaacha, kisha uso wake ukawa wa mtu mzima tena. Aliwaambia Teresiah na Norah kwamba chuma kilichomo humo tanuri linakitoa lakini tumbo halikitoi, na huenda kuna vitu vingine vibaya visivyoonekana, kwa hiyo Norah aende kliniki wakapime damu yake, na aende kesho asubuhi, si wiki ijayo. Halafu akakumbuka wageni, akakumbuka babake, akakumbuka wajomba na ule ua wao, akashika simu na kuitazama kama nyoka.

Norah alivua koti, akampa Opicho. Tumbo likatoka hadharani, dogo, la duara, halina cha kujitetea. Alichukua mkoba wake. Alijua utaratibu, alikuwa ameuona kwa Clare.

"Unaenda wapi?" Teresiah akauliza.

"Nyumbani, Madam."

"Saa ya kutoka haijafika." Teresiah alikwenda mlangoni, akaibandua ile karatasi, akaikunja mara mbili. Unga wa kijivu ulikuwa umemtanda nyusi, na chini yake macho yalikuwa mekundu. "Kesho upite kliniki kwanza, kisha uje. Kinu usikiguse. Utakaa ofisini na Daktari umwonyeshe masoko, maana hajui hata Shauri Moyo iko upande gani. Na ukimwona Clare huko Mbotela…"

Akasita. Akatazama viatu vyake.

"Mwambie namwita. Akikataa kuja, niambie nyumba yake. Nitaenda mimi."